Mzee Chenga na Tela ya Miwani

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni tu. Barabarani aliitwa Chenga, na alipoota mvi wakamwongezea Mzee, naye akalipokea jina hilo kama mtu anayevishwa nishani. Alilipatia kwenye mizani. Madereva wenzake wa malori walipokaribia mizani walianza kutoka jasho, wakamwita mpimaji huyu kaka na yule mkubwa. Yeye alipita akipiga mluzi. Mzigo ulikuwa uleule na lori lilikuwa lilelile, ila Chenga alijua pa kuuweka.

Siri yenyewe haikuwa uchawi. Mizani hupima kila ekseli, yaani kila mhimili wa matairi, na ekseli zinazozidi upesi ni zile za tela, huko nyuma. Basi yeye alisukuma vitu vizito vyote mbele, kwenye pua ya tela, ili viegemee kichwa cha lori. Kichwa cha lori kina mgongo: ekseli mbili nyuma, matairi pacha, springi nene. Kinapokea na kunyamaza. Alifanya hivyo mpaka mikono yake ikawa inapakia yenyewe, bila kumuuliza mwenye mikono.

Jambo la pili alilojivunia, na hili alilisema hata kwa asiyeuliza, ni kwamba tangu ashike usukani hajawahi kulaza gari. Wenzake walilaza, wengine wakalala nayo wasiamke. Yeye, alisema, hata mfuko mmoja wa saruji haujawahi kumwagikia barabarani. Mkewe alikuwa amelisikia hilo mpaka likamchosha. Likianza tu, alikuwa anakwenda kuangalia jikoni, hata kama jikoni hakuna kitu motoni.

Alipostaafu lori likapewa mtu mwingine. Chenga akabaki na kiti cha plastiki kando ya geti, kazi yake kukosoa namna majirani wanavyoegesha magari. Mtu aliyekuwa akikata kona na chombo kirefu kama mtaa mzima sasa anagombana na mwenye bajaji. Ilikuwa inahuzunisha kidogo, na inachekesha zaidi. Ndipo binti yake alipopata tela.

Binti huyu alikuwa fundi wa miwani. Alikuwa na chumba cha kukodi chenye bango la herufi ukutani na mashine ya kukatia vioo, lakini wateja wake wengi walikuwa mbali: watoto wa shule wasioona ubao, mafundi cherehani walioanza kushindwa kutunga uzi, wafanyakazi wa viwandani wasioweza kupata ruhusa ya kutoka. Kama hawawezi kuja, alisema, yeye atawafuata. Yeye na mumewe, fundi bomba, wakajinyima mpaka wakanunua tela kuukuu iliyowahi kuwa nyumba ya watu wa safari.

Haikuwa tela ya kufungwa kwa ndoano nyuma ya bampa. Ilikuwa ndefu, yenye pua iliyoinuka. Pua hiyo ilipanda juu ya bodi ya pikapu, na pini yake ikakaa kwenye sahani ya chuma iliyofungwa ndani ya bodi, vilevile kama tela kubwa inavyokaa mgongoni kwa kichwa cha lori. Mzee Chenga aliizunguka, akaigonga matairi kwa kiatu, macho yakamng'aa.

“Hili ni lori,” alisema, “ila limezaliwa njiti.”

Binti akamuuliza kama pikapu yao itaiweza. Chenga akacheka mpaka akashika mbavu. Itaivuta hii, akamwambia, pamoja na nyumba ya jirani juu yake. Na kwa upande wa kuvuta hakuwa amesema uongo, maana injini ya ile pikapu ilikuwa na nguvu za kutosha na akiba. Lakini kuvuta ni kazi moja na kubeba ni kazi nyingine. Tela ya aina ile haivutwi tu. Inapanda mgongoni, na sehemu ya uzito wake inabebwa na gari lenyewe, na gari hilo lilikuwa pikapu ya ekseli moja nyuma. Chenga hakujua tofauti hiyo, kwa sababu maisha yake yote kichwa cha lori kilikuwa kimembebea bila kulalamika. Angeweza kusema hajui. Neno hilo halikuwa kwenye kamusi yake.

Mchomeleaji alipouliza sahani aifunge wapi, Chenga akamwelekeza kwa kidole: nyuma kidogo ya ekseli ya nyuma ya pikapu, ili pua ya tela isigonge kabini wakati wa kukata kona. Siku ya kupakia, binti alitaka tenki la maji liwe nyuma karibu na sinki, na ile mashine ya vioo juu ya matairi ya tela. Baba akamwondoa njiani kwa upole, kama unavyomwondoa mtoto karibu na moto. Tenki likaenda mbele. Jenereta mbele. Betri, maboksi ya fremu, mashine ya vioo, vyote mbele. Mikono ilikuwa kazini, na mikono ile ilikuwa bado inakwepa mizani ambayo haikuwepo popote njiani kwao.

Pikapu ikakaa chini nyuma kama mbwa, taa za mbele zikatazama matawi ya miti. Hilo Chenga aliliona, na dawa yake aliijua: akaipeleka kwa fundi springi, akamwambia aongeze majani, yale mabamba ya chuma yanayopangwa kuwa springi. Fundi springi aliinama, akachungulia, akajikuna. Akasema ataiinua, lakini uzito utakuwa palepale ulipo, springi haili mzigo.

“Wewe inua,” Chenga akamwambia.

Ikainuka. Ikasimama sawa, imenyooka kama bwana harusi, na majirani waliokuwa wakikosolewa kila siku wakaja kuitazama wakasema kweli mzee ni mzee. Binti akampigia baba yake makofi. Tungekuwepo, na sisi tungepiga.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda mji wa viwanda. Walikaa watatu kwenye kabini: Chenga kwenye usukani, binti katikati, mkwe dirishani. Asubuhi ilikuwa nzuri, barabara imenyooka, fundi bomba anaimba. Hawakuwa wamefika mbali Chenga alipohisi kitu mikononi. Usukani ulikuwa mwepesi. Ukiukata kidogo gari lilichelewa kujibu, kisha lilijibu zaidi ya ulivyoomba. Matairi ya mbele yalikuwa yanagusa lami kwa adabu tu. Uzito wote ulikuwa umekalia nyuma ya ekseli na kuinua pua ya pikapu, na yale majani mapya ya springi yalikuwa yameficha kuinama, hayakuondoa chochote.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Mtu aliyekula barabara miaka yote ile anaambiwa na mikono yake. Akapunguza mwendo, akasema anataka chai.

Walikunywa chai kwenye kibanda cha kando ya barabara. Binti alikuwa na furaha kiasi cha kuzungumza mdomo ukiwa na mkate. Chenga alikuwa anaitazama tela kupitia mvuke wa kikombe, na alikuwa anajua kabisa kinachotakiwa: wafungue mlango, wamwage tenki, wahamishe jenereta na mashine, pale pale, mbele ya wauza chai. Na aseme kwamba amekosea. Yeye, Chenga, kwenye tela. Aliliona jambo hilo kama mtu anayeambiwa avue nguo sokoni. Halafu likamjia wazo jingine, dogo, la kichinichini, na hilo ndilo ambalo baadaye lilimnyima usingizi: kwamba kama kitatokea kitu, kisitokee mikononi mwake.

“Mwanangu, shika wewe,” alisema. “Macho yamechoka. Na lazima ujizoeze, chombo ni chako.”

Alijiambia binti anaendesha taratibu kuliko yeye, kwa hiyo ni salama zaidi. Alijiambia pia barabara iliyobaki ni nzuri. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Barabara iliyobaki ilikuwa na mteremko, na mwisho wa mteremko kulikuwa na kona. Binti aliingia polepole, mikono miwili kwenye usukani, kama alivyofundishwa na babaye. Akakata, pikapu haikukata. Iliendelea moja kwa moja, bila haraka, ikashuka kwenye mtaro, tela ikaisukuma kutoka nyuma, ikajikunja, ikaegemea ukingo. Ndani kulisikika vioo. Hakuna aliyekufa. Mkwe alitoka na nundu, Chenga alitoka mzima, binti alipasuka juu ya nyusi, damu ikawa inamwingia jichoni naye anauliza tu kama wenzake wazima. Mashine ya kukatia vioo ililala chali, imegawanyika.

Watu walijaa, kama wanavyojaa. Mmoja alimtambua Chenga, akasema kwa sauti ya mwenye uhakika kwamba angekuwa anaendesha mzee mwenyewe haya yasingetokea. Chenga alisikia. Alitikisa kichwa taratibu, na kule kutikisa kichwa kila aliyetazama aliona kuwa ni kukubali.

Kwenye benchi la zahanati, wakingoja binti ashonwe, binti akamgeukia baba yake na kitambaa kikiwa usoni. Akamuuliza amekosea wapi. Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama mwanafunzi, ili asirudie.



“Uliingia na kasi kidogo,” Chenga alisema.

Neno hilo likamaliza kila kitu. Kuanzia siku ile binti hakugusa usukani. Pikapu ilitengenezwa, springi iliyovunjika mtaroni ikabadilishwa, tela ikavutwa na lori la watu mpaka uani kwa Chenga, na binti akipita pale anageuza uso. Mumewe alimbembeleza, akamwambia ajaribu hata hapa mtaani, hata kwenda dukani. Akajibu kwamba alikuwa na maisha ya watu watatu mikononi na mikono yake ilishindwa, na asiyejua kuendesha taratibu asiendeshe kabisa. Kwenye chumba chake cha kukodi alianza kukosea vipimo. Alimrudishia mwalimu mmoja miwani ya mtu mwingine. Mwishowe akakata kauli: tela iuzwe.

Mzee Chenga naye alikuwa hali vizuri. Kiti chake cha plastiki alikihamishia nyuma ya nyumba, wenye magari wakaegesha watakavyo, mtaa ukashangaa. Mkewe akamuuliza anaumwa wapi, akasema mgongo. Watu walimpa pole na kumsifu katika sentensi moja: pole kwa binti, lakini wewe ndiye dereva. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, na hakuwa na pa kuutolea. Alikuwa na aibu mpaka ya kunawa uso mbele ya kioo.

Kabla mnunuzi hajaja kuiona, aliingia mwenyewe kwenye tela kufagia vigae vya vioo. Kila kitu kilikuwa bado kimesongamana mbele alikokiweka. Akatazama upakiaji ule kama wa mtu asiyemfahamu, akajiuliza ni mpumbavu gani aliyefanya kazi hii. Kisha akatoka kuinua pua ya tela, maana ilikuwa imezama. Tela ile ina miguu ya jeki mbele, inainuliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Akazungusha, mkono haukutaka. Akaulalia kwa kifua, akakoroma, ukasogea shingo upande. Akarudi ndani. Akamwaga tenki. Akaburuta jenereta, betri na maboksi mpaka katikati, juu ya matairi, kisha mabaki ya mashine. Akatoka akashika mkono ule tena, na ukazunguka kwa mkono mmoja, bila ubishi, kama wa cherehani.

Alisimama pale ameushika. Uzito wote ule uliomlazimu kuulalia mkono wa chuma kwa kifua ndio aliompakia binti yake mgongoni, halafu akamwambia alikwenda kasi. Akakaa chini kwenye vumbi, mtu mzima na mvi zake, akafunika uso kwa fulana.

Mnunuzi alikuwa bwana mmoja mpole aliyetaka kuigeuza tela kuwa jiko la chipsi. Alipomaliza kuikagua wakamkaribisha sebuleni kwa Chenga, soda zikaletwa, funguo za pikapu zikawa mezani kwa sababu mkwe ndiye aliyekuja nayo. Mnunuzi akauliza, kwa haki yake, kama tela ina kasoro yoyote, maana amesikia ilipata ajali.

“Tela haina kosa,” binti alisema. “Kosa ni langu. Baba ndiye aliyeipakia, na baba hajawahi kulaza gari. Mimi niliingia kwenye kona na kasi.”

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja umri wake. Kovu juu ya nyusi lilikuwa bado jekundu. Mama yake, ambaye siku zote angekuwa ameshakwenda jikoni, safari hii alikaa, akimtazama mumewe.

Chenga akapiga moyo konde. Akasema si kweli. Akaeleza, akijikwaa kila sentensi, namna alivyosukuma mzigo wote mbele kwa mazoea ya lori, namna alivyoirudisha sahani nyuma ya ekseli, na namna alivyoongeza majani ya springi ili gari lionekane sawa wakati halikuwa sawa. Akasema gari lile halikukata kona kwa sababu halikuweza kukata kona, na hata malaika angeshika usukani lingekwenda mtaroni. Akasema alikuwa hajui, na aliona haya kusema hajui.

Yaliyofuata hakuyategemea. Mkwe alishusha pumzi, akasema mzee, hiyo ni bahati mbaya, nani asiyekosea. Mnunuzi akatikisa kichwa kwa heshima. Na binti alianza kucheka huku machozi yanamtoka, akasogea mpaka alipokaa baba yake akamshika mkono.

“Kumbe kosa si langu,” alisema. “Baba, kumbe kosa si langu.”

Chenga angenyamaza hapo, yangekwisha vizuri. Chai ingechemshwa. Alisamehewa kabla hajaomba, tena kwa furaha, na ile furaha ilikuwa halali ya binti na hakuna aliyestahili kumnyang'anya. Chenga aliuhisi mkono wa mwanawe ndani ya wake, akaona jinsi ilivyo rahisi. Labda angenyamaza kweli. Mimi simwekei dhamana. Lakini binti aliendelea kusema, akiwageukia wengine, akimtetea.

“Na asingeweza kujua. Angejua, asingeniachia usukani.”

Chenga akautoa mkono wake.

“Nilijua,” alisema.

Binti hakuelewa. Akamtazama akitabasamu bado.

“Nilijua kabla ya chai. Usukani ulikuwa mwepesi, niliusikia mikononi. Ndiyo maana nikasimama.”

“Ukasema macho yamechoka.”

“Macho yalikuwa mazima.”

Tabasamu lilichukua muda kuondoka usoni kwake. Mkwe alikuwa ameinamia soda yake. Mkewe Chenga alifunga macho.

“Na ile kasi?” binti aliuliza.

“Hukuwa na kasi. Uliendesha vizuri. Mimi niliogopa kulaza gari, mwanangu, nikakupa wewe ulilaze.”

Binti alisimama. Hakupandisha sauti, na Chenga alitamani angepandisha. Alimwambia mnunuzi samahani kwa kumpotezea muda, tela haiuzwi. Akachukua funguo za pikapu mezani. Mumewe alipoinuka amfuate, akamwambia akae, anakwenda peke yake. Mlangoni akageuka.

“Kupakia vibaya nimeshakusamehe,” alisema. “Hilo lingine, baba, sijui nitaliweka wapi.”

Nje, injini iliwaka. Geti lilikuwa limefungwa, na aliyewahi kulifikia alikuwa mmoja tu. Mzee Chenga akalivuta, akasimama kando amelishika. Binti akatazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akatoa pikapu kinyumenyume taratibu, akapita mbele ya baba yake pasipo kumtazama. Mwisho wa mtaa akakata kona, vizuri kabisa, akatokomea.

Mnunuzi alipotoka akaaga, akamwambia mzee anaweza kulifunga geti sasa. Chenga akasema ndiyo. Hakulifunga.